Hesabu ya santuri 40,000

Mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani, Mobile Fidelity Sound Lab, ambayo wateja wake huiita MoFi, ilitangaza kwamba inaitoa upya albamu ya Thriller ya Michael Jackson kwenye santuri. Nakala 40,000, kila moja dola 125. Mtu wa kawaida akisikia hivyo anashtushwa na bei. Wanaoijua kazi ya kutengeneza santuri walishtushwa na idadi.

Nianze na kazi yenyewe, maana kisa kizima kimejificha humo. Santuri huanza kama sahani ya alumini iliyopakwa laka, laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuikwaruza. Kanda mama, yaani ile kanda ya mwisho iliyotoka studio baada ya sauti zote kuchanganywa, inachezwa, na sindano yenye joto inachonga mfereji kwenye laka kwa kufuata mawimbi ya sauti. Laka haina nguvu za kukandamiza plastiki, kwa hiyo hupuliziwa madini ya fedha, ikazamishwa kwenye tangi lenye umeme na kuoteshwa nikeli. Nikeli ikibanduliwa unapata bamba lililo kinyume cha laka: palipokuwa na bonde pana tuta. Viwandani bamba hilo huitwa baba. Baba naye anaoteshewa nikeli, anazaliwa mama. Kwa mama ndiko inakopatikana mihuri, na mihuri ndiyo inayokandamiza plastiki ya moto mpaka iwe santuri. Muhuri mmoja ukichoka, mama anatoa mwingine. Mama akichoka, baba anatoa mama mwingine. Ukoo wa laka moja unaweza kujaza maduka bila kanda mama kuguswa tena.

MoFi walikuwa na toleo la kifahari lililoitwa Ultradisc One-Step, lililoanza mwaka 2016 na albamu ya Abraxas ya Santana. Fahari yake ilikuwa kuufupisha ukoo huo: hakuna mama, bamba la kwanza kutoka kwenye laka ndilo linalogeuzwa muhuri. Kila unaponakili unapoteza kidogo, basi punguza kunakili. Hoja safi kabisa, sina ugomvi nayo. Ila muhuri ukichoka hakuna wa kumrudia. Lazima laka mpya ichongwe, na ili ichongwe lazima kanda ichezwe upya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sasa shika kikokotoo. Tuseme muhuri mmoja unatoa santuri 1,000 kabla haujaanza kuharibu kazi. Kwa nakala 40,000 unahitaji mihuri 40 kwa kila upande, yaani laka 40, yaani kanda mama ya mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi duniani ipitishwe mara 40 mbele ya kichwa cha mashine. Kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma. Kila ikipita inasuguliwa, na ya miaka 40 iliyopita huwa imeanza kupukutika yenyewe. Aliyewahi kushika kanda za zamani za bendi zetu zilizokaa kwenye makabati ya Dar, na joto na unyevu tulio nao, anajua ninachosema: unaicheza mara moja huku umeshika roho, na unainakili hapo hapo kwa sababu huna hakika na mara ya pili. Mwaka 2008 moto uliozuka Universal Studios kule Hollywood uliteketeza ghala lililokuwa na kanda mama za wanamuziki wengi, na tangu habari zake kamili zilipoandikwa mwaka 2019 kila mtu anajua kwamba vitu hivi vikienda vimekwenda. Nani angekubali kanda ya Thriller ichakazwe mara 40 ili watu wapate toleo la anasa?

Hakuna. Kwa hiyo katikati ya kanda na laka lazima kulikuwa na kitu kingine.

Hicho kitu kingine kilikuwa ni faili la dijitali, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa namba.

Ili uelewe kwa nini jambo hilo dogo lilikuwa kama bomu, inabidi ujue MoFi walikuwa wanauza nini. Jina lao ni la zamani. Tangu mwaka 1977 walikuwa wakitoa santuri zenye utepe juu ya jalada ulioandikwa Original Master Recording, maana yake kwa mnunuzi ikiwa ni moja tu: hii imetoka moja kwa moja kwenye kanda mama. Kampuni ilifilisika mwaka 1999, ikanunuliwa na Jim Davis, mwenye duka la Music Direct la Chicago, ikaendelea na kazi kutoka studio yake ya Sebastopol, California. Wateja wake ni watu wa aina ya pekee. Ni watu ambao gramafoni peke yake inaweza kuwa na bei ya gari, na kale kasindano kanakogusa santuri kana bei ya pikipiki mpya. Imani yao kubwa ni kwamba sauti ikishageuzwa namba imekufa kidogo. Wanasema dijitali inasikika: ina ubaridi, ina makali, haina pumzi. Wanalipa ili namba zisiguse muziki wao mahali popote, kuanzia studio mpaka sebuleni.

Tarehe 14 Julai 2022, Mike Esposito, mwenye duka la santuri la The 'In' Groove huko Phoenix, Arizona, alitoa video akisema ameambiwa na watu wa uhakika kwamba MoFi wanapitisha kazi zao kwenye dijitali. Kelele zilizofuata unaweza kuzikisia. Wapo waliomrukia yeye. Siku chache baadaye MoFi walimkaribisha Sebastopol, na mbele ya kamera wahandisi wao wakakubali. Hawakubabaika, na mimi nilipoitazama video ile nilipata hisia kwamba walikuwa wanashangaa kwa nini watu wanashangaa. Kwao ilikuwa ni kazi ya kila siku. Unasafiri na mashine zako hadi ghala lenye kanda, maana wenye mali wengine hawaruhusu itoke nje, unaicheza kwa uangalifu, unaihifadhi kwa mfumo wa dijitali uitwao DSD, kisha unarudi nyumbani na kuchonga laka ngapi unazotaka bila kumtia mtu presha.

Halafu yakatoka ya ndani zaidi kupitia gazeti la Washington Post. DSD ilianza kutumika mwaka 2011. Hadi mwaka huo unaisha, asilimia 60 ya santuri zao zilikuwa zinapitia humo. Na zile One-Step, fahari ya nyumba, zote isipokuwa moja zilikuwa za dijitali katikati. Davis aliomba radhi kwa maandishi. Kesi zikafunguliwa, na mwaka 2023 yakapatikana makubaliano yenye thamani ya takriban dola milioni 25: mnunuzi aliweza kurudisha santuri akapewa fedha yake yote, au akabaki nayo na kurudishiwa asilimia 5, au kupewa asilimia 10 ya bei kwa ajili ya ununuzi mwingine.

Upande wa sheria na uungwana sina la kuongeza. Ukimwuzia mtu kitu kwa kumwacha aamini jambo ambalo wewe unajua si kweli, umemdanganya, hata kama kitu chenyewe ni kizuri. Muuza asali akichanganya na sukari guru halafu wateja wakasema tamu, utamu hauondoi uongo. Niliwahi kubishana na jamaa mmoja aliyesema kwa kuwa hakuna aliyesikia tofauti basi hakuna aliyeumia. Nikamwuliza kama mkewe akimuuzia maneno kwa miaka 11 bila yeye kujua, naye hatakuwa ameumia? Tuliliacha hapo.

Lakini mimi ni fundi mitambo wa kumbi za harusi, si hakimu, na kinachonivuta ni ile miaka 11. Jaribio kama hilo huwezi kulipanga hata ukipewa fedha. Umechukua wasikilizaji wanaojiamini kuliko wote duniani, vyombo vya bei mbaya kuliko vyote, vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya kusikiliza tu, muda wa kutosha wa kurudia wimbo mpaka uchoke, na ukawawekea ndani ya santuri kile kitu hasa wanachodai kwamba wanakisikia mara moja. Wakakisifia. Wakakiandikia makala. Baadhi ya santuri hizo zikauzwa tena mitumbani kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani kwa sababu ya sauti yake. Siri ilipotoka haikutolewa na sikio la mtu. Ilitolewa na watu wa ndani waliozungumza, pamoja na watu wa nje waliopiga hesabu ya mihuri.

Kiufundi, wala si ajabu. Santuri ikiwa nzima na safi, tofauti kati ya mlio wake mkubwa kabisa na ule mnong'ono unaomezwa na mkwaruzo wa plastiki ni kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hadi 70. CD ya kawaida ina 96. DSD katika masafa tunayoyasikia inafika karibu 120. Kupitisha kazi ya santuri kwenye DSD ni kupitisha maji ya bomba la inchi moja ndani ya bomba la inchi sita. Hayana pa kukwama. Kinachoipa santuri ladha yake, ule ujoto watu wanaousifu, kinatoka kwenye kuchonga, kwenye plastiki, kwenye sindano, na kwenye mkono wa fundi aliyeamua besi ikae wapi. Vyote hivyo MoFi waliviacha mahali pake. Ndiyo maana santuri zao zilikuwa nzuri kweli, na nadhani hapo ndipo palipowauma wateja zaidi. Santuri zingekuwa mbaya wangesema ndiyo, tulijua.

Anayetetea masikio yake ana njia moja ya heshima ya kutokea: aseme DSD ni nzuri kiasi hicho. Sawa. Ila akishasema hivyo amekubali kwamba namba haziui muziki, na ile sababu ya kulipa dola 125 ili kuzikwepa imeondoka naye mlangoni.

Wapo waliolijaribu jambo hili kwa utaratibu, miaka 15 kabla ya kelele hizi. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran, watu wa chama cha wapenda sauti cha Boston, walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Audio Engineering Society. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazicheza kwenye vyombo vizuri, na pembeni wakaweka njia ya pili inayoishusha sauti ile ile hadi kipimo cha CD kabla haijafika kwa msikilizaji. Msikilizaji hajui anasikia ipi. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Rusha shilingi mara 554 utapata kitu kama hicho hicho. Tofauti ilijitokeza tu pale sauti ilipofunguliwa kupita kiasi mahali pasipo na muziki, ukausikia mchakarisho wa chini.

Sasa hapa wengi huteleza. Wakishasoma hayo wanatoka na jibu kwamba vyombo vyote ni sawa na anayenunua ghali ni mjinga. Kisa cha MoFi hakisemi hivyo hata kidogo. Kinasema kiungo kimoja, kile cha kugeuza sauti kuwa namba na kuirudisha, kimeshamalizwa na wahandisi, hakina tena cha kuuza. Viungo vingine havijamalizwa. Spika hazijamalizwa. Ukizima taa ukanichezea spika nne tofauti, zitanitofautikia waziwazi, na wewe pia, na hata bibi yako.

Floyd Toole na Sean Olive, walipokuwa kampuni ya Harman, mwaka 1994 waliwaweka watu 40 wasikilize spika za aina nne, mara bila kuziona na mara wakiziona. Wasikilizaji wenyewe walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo inayotengeneza spika, watu wa fani. Bila kuona, walizipanga kwa sauti. Walipoziona, zile kubwa za kupendeza zilipandishwa alama, na kile kijiseti kidogo cha bei rahisi kikashushwa, kana kwamba macho yamepewa kura mbili na masikio moja. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata gizani tofauti zilikuwepo. Hazikufuata bei tu.

Nitasimulia yangu, maana ndiyo iliyonifanya nikifuatilie kisa cha MoFi kwa karibu.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alinunua amplifaya ya mitumba kutoka Ulaya. Chuma kitupu, kilo ishirini na kitu, ina zile saa mbili za mshale mbele zinazowaka buluu na kucheza na muziki. Bei aliyoitaja kwa dada yake si ile aliyoitaja kwangu, na zote mbili sitaziandika. Alikuwa na amplifaya yake ya zamani, ya kawaida tu, nyeusi, iliyobanduka kitufe kimoja. Akanipigia simu jioni: "Shemeji, njoo usikie. Hii ni nyingine kabisa. Marimba yametoka nje ya spika."

Nikaenda na mita ya kupimia umeme na kisanduku cha swichi. Kisanduku ni muhimu: amplifaya mbili haziwekwi kwenye spika moja kwa wakati mmoja, utaziunguza, kwa hiyo lazima swichi iikate moja kabisa ndipo iishike nyingine. Nikacheza mlio wa hezi 60 (mita za bei rahisi hazisomi vizuri masafa ya juu, kwa hiyo nenda chini), nikagusisha nyaya za mita nyuma ya spika. Yeye alikuwa ameweka vifundo vya sauti vya amplifaya zote mbili saa tatu, mshale kwa mshale, akiamini amezisawazisha. Ya zamani ilitoa volti 1. Mpya volti 1.26. Hiyo ni tofauti ya desibeli 2 kamili, na desibeli 2 ni kitu cha hila sana. Hukisikii kama kelele iliyozidi. Unakisikia kama uwazi. Besi inajaa, marimba yanatoka nje ya spika, mwimbaji anasogea hatua moja mbele. Kila muuza vyombo anayeijua kazi yake anaijua desibeli hiyo.

Nikaishusha mpya mpaka zote zikasoma sawa. Dada yake akakaa nyuma ya pazia na kisanduku, kwa kila raundi anarusha shilingi kuamua ipi, anaandika kwenye daftari la mtoto. Raundi 16. Shemeji akasikiliza kwa makini kweli, macho amefumba, wimbo anaoujua tangu utotoni. Alipatia 7.

Alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia tena neno kwa neno kwa wateja wa MoFi: kwamba labda kisanduku ndicho kinachoharibu. Nikamwambia sawa, tukitoe. Tukakitoa, tukawa tunazima na kuchomeka upya kila raundi, ikachukua hadi saa tano usiku na umeme ukakatika mara moja katikati. Sikumbuki alipatia ngapi. Mke wangu alishalala.

Baba mkubwa aliyekuwa na santuri za taarabu nyumbani kwake Tanga alikuwa akiliita neno hai-fai, yaani vyombo vya sauti safi, "haifai" kwa makusudi, na watoto tukicheka. Alikuwa na gramafoni moja, spika moja, na kofia aliyoivisha ile spika mchana ili mbu wasiingie. Sauti yake ilikuwa mbaya, nisidanganye. Nikisema bei haifuati sauti sisemi kwamba kile kispika kilikuwa kizuri kwa sababu kilikuwa na mapenzi ndani yake.

Ukiniuliza basi fedha iende wapi, nitakujibu kama ninavyomjibu mteja. Weka sehemu kubwa kwenye spika, na kabla ya spika angalia chumba. Sebule zetu nyingi ni vigae chini, saruji pembeni, jipsamu juu, na sofa zimebanwa ukutani. Piga kofi moja katikati. Ukisikia mlio kama wa chuma unaorudi harakaharaka, hakuna amplifaya ya dola 10,000 itakayouondoa. Pazia zito, zulia, kabati la vitabu, hata godoro lililosimamishwa kwenye kona vitafanya kazi ambayo ungeisikia hata ukiwa na mafua. Sogeza spika nusu mita kutoka ukutani, besi itaacha kuvuma kama jenereta la jirani. Hiyo ni bure.

Nyaya? Kwa spika ya omu 8 iliyo mita 5 kutoka kwenye amplifaya, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule unaopimiwa duka la vifaa vya umeme, una ukinzani wa kama omu 0.07 kwenda na kurudi. Chini ya asilimia moja ya spika yenyewe. Anayekuuzia waya wa dola 1,000 anauza kile kilichobaki ndani ya asilimia hiyo.

Gramafoni ni hadithi tofauti kidogo, maana ni mashine inayozunguka, na mashine zinazozunguka zinatofautiana kweli. Lakini hata hapo kuna kichekesho. Technics SL-1200, ile ya madijei, hutangazwa kuwa mwendo wake unayumba kwa asilimia 0.025 tu. Sasa chukua santuri ambayo tundu lake la katikati limetobolewa milimita moja pembeni, jambo ambalo hutokea. Mahali mfereji ulipo sentimita 10 kutoka katikati, mwendo unayumba kwa asilimia moja kwenda juu na moja kwenda chini kila mzunguko, mara 40 ya kuyumba kwa mashine. Piano utaisikia inalia kama imelewa. Unaweza kuweka santuri hiyo juu ya gramafoni ya bei ya nyumba na bado italewa vilevile. Ukitaka kuipa santuri yako dola 125 za ubora, mlipe anayetoboa tundu.

Nikiwarudia MoFi, baada ya sakata walianza kuandika wazi njia ya kila santuri: kanda ya upana gani, mwendo gani, DSD ya kiwango gani, kisha mashine ya kuchongea. Thriller ilitoka Novemba 2022 ikiwa na maelezo hayo. Aliyenunua safari hii alinunua akijua, na sioni tatizo lolote hapo. Kuna mtu anayelipa kwa ajili ya jalada zito, karatasi nzuri, furaha ya kuinua mkono wa gramafoni taratibu jioni baada ya kazi. Hiyo ni starehe kama starehe nyingine, na haihitaji kisingizio cha masikio.

Shemeji hakuiuza amplifaya. Nilidhani atairudisha kwa aliyemuuzia, nikamwambia hivyo, akanitazama kama nimemtukana. "Shemeji, zile saa zinacheza," alisema. Wiki iliyofuata alikuja kuazima drili, anataka kutundika mapazia sebuleni.